Nivalie Namba Yangu (Sehemu ya Saba)

Najua mlinilaani wiki iliyopita. Msomaji mmoja ameandika barua kwa mhariri kwamba mtu anayeweza kumwacha mama wa watu amesimama getini siku saba nzima hana roho. Roho ninayo, ndugu msomaji. Turudi getini.

Tulimwacha Chapuchapu mbele ya kiwanda cha kufulia mashuka, foleni ya asubuhi nyuma yake na nesi wa idara ya afya mbele yake, karatasi ya majibu mkononi. Nesi alisoma mstari mmoja, akausoma tena kwa sauti ambayo hata mlinzi aliisikia.

"Namba arobaini na moja. Una homa ya kifua."

Foleni nzima ilirudi nyuma kwa mkupuo. Mtu mmoja alikanyagwa, akalalamika, hakuna aliyemjali.

"Si mimi," Chapuchapu alitaka kusema. Akajizuia, maana kulisema neno hilo kulikuwa ni kujichongea mwenyewe.

Kwa wewe unayeanza nasi leo, mambo yalikuwa hivi. Kiwanda kilikuwa na sheria yake: ukikosa zamu tatu, namba yako anapewa mwingine. Likizo ya ugonjwa ilikuwemo kwenye mkataba, imeandikwa vizuri kabisa, ila ilidai cheti cha daktari, na tangu gonjwa liingie madaktari walikuwa wakiwaona wanaoshindwa kupumua tu. Chapuchapu aliposhikwa na homa alimwendea msimamizi, yule ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Zamu, akamwomba siku nne tu za kulala. Meno yalikuwa yakimgongana. Bwana Zamu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu neno lake la siku zote.

"Zamu ni zamu, mama."

Basi akafanya walivyokuwa wakifanya wenzake. Tangu barakoa na kofia za nywele zilipokuwa lazima, kiwanda kizima kilikuwa macho tu. Mtu akiugua, ndugu yake alichukua beji, akavaa koti, akaenda kusimama mahali pake. Waliita kuvaliana namba. Jumanne ile Chapuchapu alikuwa hoi kitandani, na aliyeivaa arobaini na moja alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Jumanne hiyohiyo watu wa afya wakavamia kiwanda bila taarifa, wakapima kila mtu kwa namba yake.

Hilo hawakuwa wamelifikiria hata kidogo. Kijiti kiliingia puani mwa wifi, jina likaandikwa la Chapuchapu.

"Njoo hapa nikupime joto," alisema Nesi. Alikuwa mwanamke mfupi, mashavu yamechorwa mistari na kamba za barakoa, mdomo mkali. Alimwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, akakitazama, akakikung'uta, akampima tena. "Thelathini na sita na nusu. Unakohoa?"

"Hapana."

"Unapumua sawasawa?"

"Sawasawa."

"Basi una bahati kuliko wote niliowaona mwezi huu." Nesi alifungua faili. "Unapewa siku kumi na nne za mapumziko, mshahara kamili, na kitanda kituoni kwetu. Kwa kuwa hapa imeandikwa umefunga uzazi, utachomwa ile sindano kali. Wajawazito hatuwachomi, inatoa mimba. Wewe huna wasiwasi huo. Bwana msimamizi, saini hapa."

Bwana Zamu alikuja mbiombio, kalamu haijatoka hata mfukoni.

"Lakini huyu mzima!"

"Wewe daktari?"

"Nina mashuka ya hospitali nne humo ndani, dada. Nani atalisha rola la pasi?"

"Lisha wewe," alisema Nesi. "Amri ya dharura haiombi ruhusa kwako. Saini leo, na saa tano uje kituoni na muhuri wa kiwanda. Bila muhuri kitanda hakihesabiki."

Karatasi iliwekwa mkononi mwa Chapuchapu. Ilikuwa ileile aliyoiomba wiki nzima akitetemeka. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kuikunja amrushie Bwana Zamu usoni. Kisha akili ikamkaa sawa. Kama kijiti kilikuwa cha wifi, basi anayeumwa ni wifi. Na asubuhi ile alikuwa amemwacha anakohoa, akimwambia ni vumbi tu.

"Nenda kachukue nguo," Nesi alisema. "Gari litakufuata baada ya nusu saa. Usimguse mtu njiani."

Hakumgusa mtu. Alikimbia.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na pazia katikati. Alimkuta wifi sakafuni, mgongo ukutani, ndoo pembeni, midomo imebadilika rangi. Alikuwa akivuta pumzi kwa mabega.

"Umerudi mapema," wifi alisema. "Wamekufukuza?"

"Wamenipa likizo."

"Mungu mkubwa!"

"Si yangu, wifi. Ni yako."

Akamweleza. Wifi alisikiliza, akafumba macho, kisha akaanza kucheka, na kile kicheko kikageuka kikohozi kirefu mpaka Chapuchapu akamshika kifuani.

"Kumbe nimekufanyia kazi vizuri," wifi alisema alipopata pumzi, "mpaka kuumwa nimeumwa badala yako."

"Usinichekeshe. Mimi ndiye niliyekuambukiza. Ulinikanda siku tano, umelala miguuni pangu."

"Ulitaka nikuache ufe? Kaka angerudi ningemwambia nini?"

Kaka mwenyewe, yaani mume wa Chapuchapu, alikuwa amekwama safarini tangu barabara zifungwe. Mabinti zao wawili walikuwa kwa bibi yao. Na wifi alikuwa hana kazi yoyote ya kuandikwa, hana beji, hana faili, hana mwajiri. Duka alilouza lilifungwa wiki ya kwanza ya gonjwa. Kwenye wodi za bure watu walikuwa wakilala barazani wakisubiri kitanda kiachwe wazi, na wote mnajua vitanda vilikuwa vinaachwaje wazi siku zile.

Vitanda vyenye mtungi wa hewa vilikuwa vya wafanyakazi. Viwanda vimevilipia, amri imelazimisha. Kimoja kati ya hivyo, dakika ile ile, kilikuwa kinamsubiri namba arobaini na moja.

Chapuchapu alivua beji kifuani.

"Nivalie tena," alisema.

"Wifi..."

"Nivalie! Kitanda ni chako, ugonjwa ni wako, kilicho changu ni jina tu. Ukiulizwa jina onyesha beji. Ukiulizwa kitu kingine, kohoa."

"Hilo la kukohoa sihitaji kufundishwa."

Alimvisha koti la kazi, kofia, barakoa. Pini ya beji ikamchoma kidole. Gari lilipiga honi nje. Wanaume wawili waliovaa nguo nyeupe mpaka viatuni waliingia, wakatazama beji, wakatazama karatasi, wakamnyanyua wifi bila kuuliza neno.

Chapuchapu aliwafuata mpaka mlangoni mwa gari. Hapo wifi akamdaka mkono.

"Kuna kitu sijakwambia."

"Utaniambia ukipona."

"Nina mimba. Mwezi wa nne sasa. Niliona haya, nikasema nitakwambia hali ikitulia."

Mlango ukafungwa.

Chapuchapu alisimama pale barabarani. Sindano kali, Nesi alikuwa amesema. Inatoa mimba, Nesi alikuwa amesema. Na faili la namba arobaini na moja lilisema mwenye namba hiyo ameshafunga uzazi.

"Simameni!" alipiga kelele. "Simamisheni gari!"

Gari lilikuwa limekwisha kukunja kona.

*

Kituo kilikuwa shule ya msingi. Madawati yalirundikwa uwanjani, vitanda vikaingizwa madarasani, na ubaoni, mahali pa hesabu za watoto, waliandika kwa chaki namba za wagonjwa. Chapuchapu alifika pumzi zimemwisha. Homa iliyomwacha juzi tu ilikuwa bado haijamrudishia miguu yake yote.

Alipita dirisha la kwanza, la pili. Kwenye la tatu aliona ubaoni: Kitanda 9, Na. 41. Na chini ya ubao, wifi, bomba la hewa puani.

Na nje ya dirisha lile lile, muhuri mkononi, alisimama Bwana Zamu.

Chapuchapu alivuta mtandio mpaka kwenye nyusi. Bwana Zamu aligeuka, akaona barakoa na mtandio, akamwamkia kwa upole ambao kiwandani hakuna aliyewahi kuusikia.

"Wewe ndugu yake?"

"Ndiyo."

"Poleni sana. Yule ni mfanyakazi wangu mzuri. Ana mikono, acha! Ndiyo maana wanamwita Chapuchapu." Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Wiki iliyopita nilimwambia mwenyewe, mama, pumzika. Hakunisikia."

Hasira ilimpanda Chapuchapu mpaka masikio yakaanza kuvuma. Alikuwa na maneno kumi ya kumwambia mtu huyu, na yote kumi aliyameza, kwa sababu ndani Nesi alikuwa amevunja kichupa na anavuta dawa kwenye sindano.

Hapo ndipo mtu anajua maisha yake yameshikwa na nini. Akisema, kazi ya miaka sita imekwenda, na kiwanda kingine hakiandiki mtu siku hizi. Akisema, kitanda kimekwenda pia, kwa maana wifi si mfanyakazi wa mtu. Akinyamaza, wifi atapata hewa na kiumbe kitakufa, bila mama yake kuulizwa.

Wifi aligeuza uso dirishani. Alimwona. Alimtambua kwa macho, chini ya mtandio wote ule. Na polepole, akitumia nguvu ambazo hakuwa nazo, wifi akatikisa kichwa.

Usiseme.

Nesi alipangusa mkono wa wifi kwa pamba.

"Usimchome!" Chapuchapu alipigapiga kioo kwa viganja vyote viwili. "Nesi, usimchome! Ana mimba! Huyo si mimi!"

Nesi aliganda, sindano hewani.

Bwana Zamu aliutazama ule mtandio ulioteleza mabegani. Akatazama uso. Akatazama kitandani, akarudi tena usoni.

"Arobaini na moja?" alisema.

*

Walisimama uani, hatua mbilimbili baina yao. Nesi alikuwa ametoka na faili kwapani, jasho linamtiririka.

"Dakika moja zaidi," alimwambia Chapuchapu, "dakika moja tu, na ningeua mtoto wa mtu kwa mkono wangu. Unanielewa?"

"Naelewa. Nisamehe."

"Sikusamehe leo. Leo sina nafasi. Kwa hiyo kijiti cha Jumanne kilikuwa cha huyu wa kitandani?"

"Cha huyu. Alisimama kwenye rola zamu nzima, kwa beji yangu. Mimi nilikuwa naumwa, niliomba ruhusa, nikanyimwa."

"Nilikuwa na uso wake mbele yangu na sikuuona," Nesi alisema, kama anajisemea. "Siku ile nilipima pua mia mbili. Na leo nikadhani ni wewe umezidiwa ghafla."

Bwana Zamu alikuwa amepata sauti yake.

"Mimi huyu wa kitandani simjui. Kitanda kimelipiwa na kiwanda kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda. Muhuri sigongi. Mtoeni."

"Anavuta hewa ya mtungi!"

"Simjui, dada. Nikigonga muhuri kwa mtu asiyeandikwa, kesho nje niko mimi. Nina watoto watano." Na alikuwa akisema kweli, jasho lilikuwa limemlowesha kola. "Huyu naye," akamwonyesha Chapuchapu kwa kidole, "namba yake nimeichukua kuanzia sasa."

Nesi alifungua faili, akatoa karatasi ya amri ya dharura iliyokunjwa mpaka imeanza kupasuka, akaisoma akiifuata kwa kidole.

"'Mtu yeyote aliyeugua akiwa anamfanyia mwajiri kazi.' Sioni neno la kuandikwa hapa. Alifanya kazi au hakufanya?"

"Nani alimwona?" Bwana Zamu aliuliza. "Kwenye kitabu changu aliyefanya kazi ni arobaini na moja. Nileteeni mtu aseme alimwona huyu. Na atakayesema alimwona atakuwa amekiri kwamba alijua na akaficha, na namba yake nitaichukua papo hapo. Tuone nani atajitokeza."

Nesi alitazama saa.

"Saa nane nina mgonjwa mwingine wa kitanda kile," alimwambia Chapuchapu, sauti imeshuka. "Nipe shahidi mmoja. Mmoja tu, aseme mbele yangu. Ukinipa, huyu bwana akatae asikatae, wifi yako habanduki."

"Na usipompa?" alidakia Bwana Zamu.

Chapuchapu alikuwa ameshapiga hatua kuelekea gari la kituo.

*

Zamu zilibadilishana saa saba. Wanaotoka walipanga foleni upande mmoja wa geti, wanaoingia upande wa pili, kila mtu ndani ya duara lake la rangi nyeupe lililopakwa chini. Macho tu, kama siku zote. Gari la kituo lilisimama pembeni, Nesi akashuka, Bwana Zamu akashuka na muhuri wake, na Chapuchapu akasimama katikati ya uwanja peke yake, barakoa imepanda mpaka chini ya macho.

"Jamani!" aliita. "Mnanijua mimi. Jumanne sikuja kazini. Aliyekuja alikuwa wifi yangu, na sasa anakufa. Anahitaji mtu mmoja aseme alimwona. Ni hilo tu. Nani alimwona wifi yangu kazini Jumanne?"

Aligeuka, akatazama foleni hii na ile.

"Mlikula naye mchana! Nani alimwazima mkasi? Nani alimwonyesha swichi ya rola? Wifi alinisimulia yote, alisema mlimpokea vizuri!"

Waliinamisha macho. Mmoja alikuwa akifunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Chapuchapu hakuwachukia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Juzi tu, angekuwa ndani ya duara lake, naye angeinamisha macho.

Akabakiwa na mtu mmoja wa kumwendea. Rola la kupigia pasi mashuka lina watu wawili: mmoja analisha upande huu, mwenzake anapokea upande ule, na anayepokea huijua mikono ya anayelisha kuliko anavyoujua uso wake. Miaka sita mpokeaji wa Chapuchapu alikuwa namba kumi na saba, mama wa makamo waliyemwita Bibi Kona, kwa kuwa hakuna kona ya shuka iliyowahi kumshinda. Alikuwa pale, duara la nne, beji kifuani.

"Bibi Kona," Chapuchapu alisema. "Wewe ulipokea mashuka yake. Huwezi kuniambia hukujua. Nakuomba. Nitakupigia magoti hapa hapa."

Na akapiga magoti, kwenye saruji, mbele ya zamu mbili.

Namba kumi na saba hakusogea. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nilimwona," alisema.

Haikuwa sauti ya Bibi Kona.

Akaishusha barakoa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, uso umevimba kwa kulia.

"Mimi ni bintiye," alisema. "Nimemvalia mama tangu Jumatatu. Jumanne nililiona shuka la kwanza limekuja limepinda, nikajua yule si wewe, dada, maana mama husema shuka lako huja limenyooka. Na yeye akaniona nalidaka kwa kuchelewa, akajua mimi si mama. Tulicheka wenyewe kwa wenyewe. Alikuwa hapo kwenye rola mpaka kengele ya mwisho. Naapa mbele ya watu wote."

Nesi alikuwa tayari anaandika. Kalamu ikasimama.

"Subiri. Jumanne nilikupima wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa namba ya mama yako. Na majibu..." Nesi alipekua karatasi kwa haraka mpaka nyingine zikaanguka. "Kumi na saba. Safi, hana ugonjwa."

"Ndiyo, tulifurahi sana," alisema binti. "Tukasema basi ni mafua tu. Tukampa dawa za mafua. Hajaamka tangu jana."

Nesi aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akawatazama watu waliosimama kwenye maduara, mmoja baada ya mwingine.

"Mko wangapi?" aliuliza.

Akafunga faili.

"Sitaki majina. Nasema waliopimwa Jumanne kwa namba isiyo yao, wainue mikono. Watu wenu wako majumbani, mnawapa dawa za mafua, na karatasi yangu inasema wazima! Inueni mikono, nawasihi!"

Mkono mmoja ulipanda, nyuma kabisa. Ukafuata wa pili, upande wa wanaoingia. Halafu ilikuwa kama wote walikuwa wakimsubiri mwenzao aanze, mikono ikapanda huku na huku, na watu wakaanza kulia kwa sauti ndani ya barakoa zao. Bwana Zamu alifungua kitabu chake cha mahudhurio, akakitazama, akakifunga.

"Haya," Nesi alisema, akijitahidi kuikaza sauti. "Ushahidi nimeusikia. Wifi yako kitanda ni..."

"Ngoja," alisema Bwana Zamu.

Alikuwa amenyooka. Alitembea mpaka kwenye duara la nne, akasimama mbele ya yule binti kwa adabu zote.

"Mama yako ni mfanyakazi wangu halali. Miaka kumi na tisa, ameandikwa, ana mkataba. Anaumwa, ana haki. Nesi, kuna vitanda vingapi vya kiwanda changu vilivyobaki?"

Nesi aliinama kuokota karatasi zilizoanguka.

"Nimekuuliza vingapi."

"Kimoja," alisema Nesi. "Kile cha tisa."

"Basi cha tisa ni cha namba kumi na saba. Kati ya aliyeandikwa na asiyeandikwa, hata amri yako haitauliza mara mbili. Lete fomu, nagonga muhuri sasa hivi."

Naam, msomaji, umesoma vizuri. Tangu gonjwa liingie, hiyo ilikuwa mara ya kwanza Bwana Zamu kumtetea mgonjwa, na aliitetea haki yenyewe kwa sheria isiyo na kasoro.

"Kuna mwanamke mjamzito kwenye kitanda kile!" Nesi alisema.

"Na kuna mama hajaamka tangu jana. Chagua wewe, dada. Mimi nasema nani ni wangu."

Binti alikuwa akitazama kutoka uso huu kwenda ule. Alielewa taratibu, na alipoelewa alivuka duara lake, akaishika mikono miwili ya Bwana Zamu.

"Gonga, baba," alisema. "Gonga, tafadhali, gonga."

Bwana Zamu aliiweka fomu juu ya boneti ya gari. Akaupumulia muhuri, akauinua.

Chapuchapu alikuwa bado amepiga magoti. Hakujua aliinuka saa ngapi. Alijikuta amefika kwenye gari na ameushika ule mkono wenye muhuri kwa mikono yake yote miwili, ameukaza. Upande wa pili binti alikuwa amekikamata kiwiko, anakisukuma chini. Nyuso zao zilikuwa karibu sana, barakoa ya mmoja imeshuka, ya mwenzake imelowa.

"Dada, umeniomba nishuhudie, nimeshuhudia," binti alisema, machozi yanaingia mdomoni. "Sasa niachie. Ni mama yangu."

Chapuchapu hakuachia.